Kikao Alichokiacha Wanu

Jumatano, 9 Aprili

Shule imefunguliwa na mvua imeanza siku hiyo hiyo. Nimefika na sketi imelowa mpaka magotini, lakini leo sikujali, kwa sababu Mwalimu Eliudi amenitaja mbele ya kidato cha tatu chote. Chumba cha kompyuta kitakuwa na viranja wawili mpaka mwisho wa muhula: Jenifa na mimi. Nilijitahidi nisitabasamu, nikashindwa. Maulid, anayekaa nyuma yangu, akasema ili wote wasikie, "Haya, mheshimiwa Nasma, usije ukatufungia nje." Watu wakacheka na mimi nikacheka.

Jenifa ametoka Maramba, anakaa bweni. Mimi natokea Moa kwa mama mkubwa Sabra, dada wa marehemu mama yangu. Hatujawahi kuwa marafiki na hatujawahi kugombana. Yeye ni mtu wa maneno machache.

Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kompyuta halisi ni moja tu. Iko stoo, nyuma ya ukuta wa ubao, nayo ndiyo seva. Zile za darasani ni skrini na kibodi, zinaazima akili ya seva. Kila mwanafunzi ana jina lake na neno lake la siri. Ukiingia kwa jina lako umefungua kikao, na kikao hicho kinabaki hai mpaka utoke mwenyewe. Hata ukiinuka ukaenda kunywa maji, hata skrini ikizima. "Skrini kuwa nyeusi haina maana umetoka," amesema mwalimu. "Umeacha jiko linawaka, basi."

Jenifa na mimi tumepewa jina moja la kazi, "kiranja", na neno moja la siri. Kwa jina hilo tunaweza kuona nani yumo, na tunaweza kukifunga kikao cha mtu mwingine. Hakuna mwanafunzi mwingine anayeweza. Nimeandika sentensi hiyo kisha nimeisoma mara mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Niliandika neno la siri kwenye kiganja, kisha nikalifuta kwa mate. Nimeshalishika.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo seva ilikuwa nzito kama punda aliyebebeshwa saruji. Badru aliingia asubuhi akaenda kucheza mpira bila kutoka, na wenzake watatu hivyo hivyo. Vikao vyao vilikuwa vimekalia kumbukumbu ya mashine bure. Mwalimu akatuita mimi na Jenifa mbele.

"Nasma, kwenu Moa mtu anaingiaje nyumba ya watu?"

"Anapiga hodi, mwalimu."

"Asipojibiwa?"

"Anapiga tena. Mara tatu."

"Na ya tatu asipojibiwa?"

"Anachungulia dirishani!" akasema Maulid, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu mwenyewe alicheka. Kisha akatuonyesha. Kabla ya kufunga kikao cha mtu, unatuma kwanza ujumbe kwa amri iitwayo wall, nao unatokea kwenye skrini ya kila aliyeingia: hodi, tunafunga, hifadhi kazi yako. Unasubiri. Pasipokuwa na jibu unatumia amri ya upole, ambayo inaiomba programu ijifunge yenyewe, nayo hupata nafasi ya kuweka nakala ya dharura ya kile mtu alichokuwa anaandika. Ikikataa kabisa ndipo unatumia ile ya nguvu, inayoandikwa kwa namba tisa. Sisi tumeshaanza kuiita Tisa.

"Tisa haiombi na haisubiri," alisema. "Kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwenda. Msiiguse mpaka mmeshindwa mengine yote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko Jenifa.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Ikiadhiniwa Alasiri wavulana huvuka barabara kwenda msikitini, na sisi wasichana tunasali darasa la mwisho, tunatandika mikeka. Msichana aliye kwenye siku zake hasali. Hukaa verandani nje ya darasa lile mpaka wenzake wamalize. Hakuna anayesema kitu. Lakini wavulana wakienda na wakirudi wanapita mbele ya veranda ile ile, na wanahesabu. Leo walikuwa wamekaa Sabiha na wengine wawili. Maulid akapita akasema na ukuta, "Leo veranda imechangamka." Sabiha alitazama viatu vyake mpaka walipokwisha kupita wote.

Mama mkubwa anasema ni amri ya Mungu na Mungu haaibishi mtu. Najua. Lakini mimi nikikaa pale nahisi kama nimevua nguo barabarani.

Kesho Alhamisi, kisha watu wa bweni wanakwenda makwao kwa Pasaka.

Jumanne, 22 Aprili

Jenifa amerudi na mfuko wa machungwa ya shambani kwa baba yake. Amenipa manne. "Haya ya juu yameiva zaidi," akasema, akanichagulia. Mama mkubwa amekula moja akasema ya Maramba hayana mfano.

Kazi za maonyesho ya wilaya, yatakayofanyika Maramba, zinatakiwa wiki ijayo. Kila kidato kitapeleka kazi moja. Mimi naandika juu ya mikoko na picha zake. Wanu anaandika juu ya mwani. Mama yake na wanawake wa Moa wanalima mwani, na amewarekodi kwa simu ya mama yake wakieleza walivyoanza. Amemrekodi hata Bi Chiku, aliyeleta mbegu ya kwanza kutoka Pemba, na ambaye mwezi uliopita amerudi Pemba kwa mwanawe, na macho hayaoni tena vizuri. Wanu ananakili maneno yao yote neno kwa neno. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu. Nasema kweli.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kubwa. Kazi ya Wanu imepotea yote. Kichwa kinauma, nalala.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikulala. Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu kama nitajidanganya hata humu, nitakuwa sina pa kukaa.

Jana siku zangu zilinianza shuleni mchana. Baada ya chakula tulikuwa chumba cha kompyuta wote, kila mtu na kazi yake. Wanu alikuwa na simu sikioni, anasikiliza na kuandika, anasikiliza na kuandika. Simu ya mama yake imejaa, haina nafasi, basi akimaliza kunakili kipande anakifuta. Nilimwona akifuta. Nilimwambia, "Wanu, hifadhi." Akanijibu bila kugeuka, "Subiri kidogo, Bi Chiku ananichekesha."

Ikaadhiniwa. Watu wakainuka kama walivyo, skrini zikabaki zinawaka. Wavulana wakakimbia na mvua kuvuka barabara. Wasichana tukatoka kwenda bombani. Jenifa akabaki peke yake, maana yeye ni Mkristo na mara nyingi muda huo hubaki akifanya kazi yake.

Nilitembea na wenzangu mpaka bombani ili nionekane. Nikanawa mikono. Nikaiona veranda, na wavulana wawili waliochelewa wamesimama pale wanakinga mvua. Nikasema nimesahau kitambaa, nikazunguka nyuma ya jengo. Mlango wa nyuma wa stoo hauna kufuli. Kufuli lilikufa kwa kutu ya chumvi tangu mwaka jana, umebaki na komeo la nje tu. Nikafungua, nikaingia, nikaurudishia.

Nilikusudia kujificha tu. Naapa. Lakini seva ilikuwa mbele yangu na skrini yake, nayo ndiyo pekee inayofungua picha kubwa. Nikaona nimalizie picha zangu za mikoko. Nikaingia kwa jina la kiranja. Picha ya kwanza ikafika nusu, ikakwama. Mashine yote ikakwama. Nikatazama nani yumo: vikao vya watu waliokwenda kusali vyote viko wazi, vimeijaza seva mpaka shingoni. Na jina la Wanu limo.

Nilijua la kufanya. Hodi kwanza. Lakini ujumbe wa hodi unatokea kwa kila aliyeingia, na Jenifa alikuwa ameingia, amekaa upande wa pili wa ukuta. Angeuona ujumbe wa kiranja na angejua kuna mtu stoo. Angefungua mlango wa kati akanikuta. Angeuliza, mbona hukwenda kusali?

Basi sikupiga hodi. Ile ya upole nayo ingechukua muda, na kule darasani nilishasikia mikeka inakunjwa. Nilitumia Tisa. Nilianza na Badru, nikafuata wengine, nikafika kwa Wanu. Nilisita kwake kiasi cha kumeza mate. Nikajiambia lazima atakuwa amehifadhi. Nikabonyeza.

Picha yangu ikafunguka mara moja, nzuri, mikoko yote na maji yake.

Nikatoka, nikazunguka, nikachanganyika na wasichana wanaorudi. Tukaingia pamoja. Wanu akakaa, akaandika jina lake na neno lake la siri, akatazama. Akatazama tena. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Jamani, Bi Chiku yuko wapi?"

Wengine walikuwa wamehifadhi, wamepoteza mstari au miwili. Yeye hakuwa amehifadhi hata neno, na simuni ameshafuta. Mwalimu Eliudi akaja, akafungua kumbukumbu za seva, akasoma huku midomo inacheza. "Vikao vimefungwa kwa Tisa," akasema. "Na jina la kiranja." Darasa zima likageuka.

Halikunigeukia mimi. Mimi nilionekana bombani. Lilimgeukia Jenifa, ambaye alibaki.

"Jenifa, umegusa?"

"Hapana, mwalimu."

"Nani mwingine alikuwemo?"

Jenifa alinitazama, au alitazama ukuta nyuma yangu. "Mimi nilikuwa hapa, mwalimu. Sikugusa."

Na mimi nilikuwa nimemshika Wanu bega, nambembeleza.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikusema kitu leo.

Jumatatu, 28 Aprili

Jenifa ameondolewa ukiranja mpaka uchunguzi uishe. Jina lake limefungwa kwenye seva. Akiliandika, mashine inamjibu kwamba haikubali. Mwalimu Eliudi amebadilisha neno la siri la kiranja na amenipa mimi peke yangu. Aliniandikia kwenye karatasi, akasubiri nilisome, akaichana. "Wewe ndiye ninayekutegemea sasa," akasema.

Kwenye foleni ya uji Maulid alisema, "Amengoja watu wako kwenye sijida, akawafyeka." Badru akadakia, "Sisi tunamwomba Mungu, yeye anatufuta." Walisema kama mzaha, lakini hakuna aliyecheka, na Jenifa alikuwa hatua mbili mbele na kikombe chake. Msichana mmoja wa kidato cha pili, hata hamjui, akavuta sketi yake pembeni asimguse.

Kabla ya hapa sikuwahi kusikia maneno ya namna hiyo shuleni kwetu. Watu wa Pasaka na watu wa Idi tulikuwa tunagawana machungwa. Maneno haya nimeyaleta mimi, na nilikuwa nimesimama pale na uji wangu.

Jumatano, 30 Aprili

Kazi yangu ya mikoko ndiyo imechaguliwa kwenda Maramba. Mwalimu Eliudi ameisifu picha ya kwanza. Watu wamenipigia makofi, na Wanu amepiga.

Mama mkubwa amefurahi, amekaanga samaki na tambi, kile chakula ninachokipenda. Sikuweza kula. "Una nini wewe?" Nikasema tumbo. Akanitazama akaniletea maji ya tangawizi, akidhani anajua. Siku hizo zimekwisha kitambo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, hakuna shule. Maji ya bamvua yamekupwa mbali sana. Mama mkubwa alikwenda kumsaidia mama Wanu kuvuna mwani kabla mvua haijauozesha, nami nikaambiwa nifuate.

Tulifungua kamba tukiwa tumeinama, maji ya vifundoni. Wanu alikuwa anamuuliza mama yake yale yale aliyomuuliza mara ya kwanza, na mama yake anamjibu akicheka: "Nimeshakwambia hayo, mwanangu. Unataka niseme tena nilivyoibiwa kamba na mkondo?" Wanu anarudia kimoyomoyo ili asisahau, kwa sababu simu ililowa mvua wiki iliyopita na haijatengamaa tena.

"Na Bi Chiku?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Mama Wanu akanyoosha mgongo. "Bi Chiku tumempigia. Yule mwanawe anasema mama siku hizi anachanganya. Ukimuuliza mwani anakueleza karafuu." Akaendelea kufungua kamba. "Sauti yake ilikuwa mle. Siku ile alikuwa na akili zake zote."

Wanu akanisogelea. "Asante kwa kuja, shoga. Wewe tu ndiye uliyeniambia nihifadhi."

Nilizamisha mikono kwenye maji mpaka viwiko, nikajifanya natafuta kijiti cha kamba kilichong'oka.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Kila jioni mimi ndiye ninayefunga chumba. Napiga hodi mara tatu hata kama hakuna mtu aliyeingia. Ujumbe unatokea kwenye skrini yangu mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimezungumza na Jenifa.

Nilimkuta nyuma ya bweni anafua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpa pole. Ndiyo, pole. Ndiyo niliyokwenda kumpa. Alinisikiliza huku anakamua blauzi, kisha akasema, "Ndala yako ya kushoto inalia."

"Nini?"

"Ikiwa na maji inalia. Kwi, kwi. Siku ile niliisikia stoo." Akaitundika blauzi kwenye kamba. "Nilijua ni wewe kabla hujakaa kwenye kiti."

Nilitazama ndala yangu.

"Mwanzoni nilidhani utasema mwenyewe mwalimu akiuliza," akasema. "Nikakutazama. Halafu nikafikiri, huyu akisema alikuwa stoo ataulizwa kwa nini hakuwa kwenye sala. Mbele ya akina Maulid. Na mimi nikikutaja ni hivyo hivyo. Nikasema wacha, atakwenda kwa mwalimu faragha kesho yake." Alichukua nguo nyingine. "Kesho yake ikapita."

"Jenifa, kwa nini hukusema baadaye?"

"Nimwambie nani? Mimi ndiye ninayesingiziwa. Ningesema Nasma alikuwa stoo, wangeniambia sasa namsingizia Mwislamu aliyekuwa anasali." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Baba amepigiwa simu na shule. Ameniuliza mara moja tu, umefanya? Nikasema sikufanya. Akasema basi. Lakini Jumapili hakuja kuniona."

Nilimwambia naomba radhi. Akasema, "Mimi nitakusamehe, lakini jina langu bado linakataa pale kwenye mashine." Akainama akaendelea kufua.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikupanda bodaboda. Ndala ililia njia nzima.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Mwalimu Eliudi. Nikapiga hodi. Akasema karibu. Nikamuuliza kama kuna waya mwingine wa kibodi.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimwambia mama mkubwa. Nilimwambia yote, nimekaa chini, yeye anachambua mchele. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Ulifanya haya yote kwa ajili ya veranda?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

Akaendelea kuchambua, akasema, "Sisi tulikaa kwenye veranda hiyo, mimi na mama yako. Na wavulana walikuwa wabaya kuliko hawa." Akanisogezea ungo. "Jumatatu utasema. Na usimwambie mwalimu chumbani. Yule mtoto wa watu hakusingiziwa chumbani."

Jumatatu, 12 Mei

Kipindi cha kompyuta, saa saba na nusu. Wote walikuwepo isipokuwa Jenifa, anayekaa maktaba kipindi hicho tangu afungiwe. Nikamwomba Mwalimu Eliudi aitwe. Akaniuliza kuna nini. Nikasema nina neno mbele ya wote. Aliniangalia usoni, akamtuma Badru.

Jenifa alipoingia alisimama mlangoni, hakukaa.

Nilikuwa nimekariri sentensi nzuri, lakini zilinitoroka. Nilisema hivi: "Siku kazi ya Wanu ilipopotea, mimi sikwenda kusali. Nilikuwa kwenye siku zangu. Sikutaka kukaa verandani, nikajificha stoo. Picha yangu ilikwama, nikavifunga vikao vyenu kwa Tisa. Sikupiga hodi kwa sababu Jenifa angejua niko mle. Jenifa hakugusa kitu. Nilimwacha asingiziwe."

Mvua ilikuwa imekatika, basi kila neno lilisikika. Niliposema siku zangu niliwasikia wavulana wakisogeza viti, na nilingoja Maulid aseme kitu. Hakusema. Nilipomtazama alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua meza kwa ukucha.

Wanu aliuliza tu, "Nilipokuwa nalia ulikuwa umenishika bega?"

"Ndiyo."

Alichukua daftari lake akahamia dawati la mbele.

Mwalimu Eliudi akasema, "Neno moja la siri kwa watu wawili. Hilo nililianzisha mimi, kwa uvivu. Jenifa, nakuomba radhi mbele ya darasa. Na baba yako nitampigia leo hii." Akaenda kwenye skrini, akafungua jina lake tulipokuwa tunatazama. Jenifa akakaa, akaliandika. Mashine ikamkubali. Nilimwona akishusha mabega.

Kisha mwalimu akalifunga langu.

Jumanne, 13 Mei

Mkuu wa shule ameniita. Mimi si kiranja tena, na jina langu litabaki limefungwa mpaka mwisho wa mwezi. Kazi ya mikoko nimeomba itolewe, naye alikuwa ameshaamua. Ya Wanu ndiyo itakwenda, kwa kadiri alivyoiandika upya.

Jumatatu, 19 Mei

Sabiha anaongea nami. Wengine wananijibu nikiwasalimu. Wanu hajanijibu.

Ijumaa, 23 Mei

Kazi ya Wanu imebandikwa ukumbini kabla haijapelekwa Maramba. Jenifa ameipanga na kuichapa. Nimengoja watu wapungue ndipo nikaisoma. Maneno ya mama yake yapo, na mkondo ulioiba kamba. Ukurasa wa tatu una kichwa cha habari: Bi Chiku, aliyeleta mbegu. Chini yake kuna mstari mmoja: "Maneno yake yalipotea." Halafu nafasi nyeupe mpaka mwisho wa karatasi.

Hakuandika yalipotea vipi. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zinaisha. Mama mkubwa ameanika magodoro.

Ijumaa, 30 Mei

Leo jina langu limefunguliwa. Jenifa ndiye kiranja, na ana jina lake mwenyewe na neno lake mwenyewe. Sasa amri yoyote atakayoitoa itaonekana ni yake. "Karibu," akaniambia nilipoingia, basi, akageukia kazi yake. Niliandika kurasa mbili juu ya mikoko, bila picha. Nilihifadhi kila baada ya sentensi.

Ilipoadhiniwa Alasiri nilihifadhi tena, nikatoka kwenye kikao changu, nikaenda verandani. Ni siku zile tena. Sabiha alikuwepo, akanisogezea nafasi. Wavulana wakapita. Badru alitazama mbele. Maulid alipita akasema, "Salama?" na Sabiha akamjibu, "Salama, mheshimiwa," na Maulid akaongeza mwendo.

Wasichana walikuja kutoka bombani, miguu imelowa. Wanu alikuwa wa mwisho. Alinipita, akafika mlangoni, akavua viatu. Kisha akageuka nusu, akasema, kama anaongea na viatu vyake:

"Sijatoka. Nimeacha wazi."

Akaingia kusali.

Kutoka pale nilipokaa dirisha la kompyuta linaonekana, na skrini ya Wanu inaonekana, imeshazima, nyeusi. Sikuinuka. Nilikaa pale pale na Sabiha, mikono mapajani, mpaka walipotoa salamu.